Sedani ya familia: ya miaka ya 90, ya enzi za V6, ya petroli ya kisasa au haibridi?

Ndugu na marafiki wakikaribia kununua gari ya nyumbani, ile sedani ya milango minne ya kubeba baba, mama, watoto na mabegi yao, swali huwa linakuja vilevile: nichukue ile ya zamani ngumu, au ile yenye injini kubwa inayovuta, V6, yaani ya silinda sita, au hizi za karibuni zinazonusa mafuta? Na mimi huwa sijibu haraka kwa sababu nimeshaona watu wawili wananunua gari ya aina moja, mmoja anafurahi miaka kumi mwingine anaijutia ndani ya miezi sita, na tofauti yao haikuwa gari, ilikuwa namna wanavyoitumia.

Kitu kimoja ndo nataka ukishike kabla hatujaanza kulinganisha. Kwa karibu miaka hamsini wahandisi wamekuwa wakipata faida kwenye injini, yaani tone lilelile la petroli linafanya kazi kubwa zaidi kila baada ya miaka michache, ila faida hiyo haikwenda sehemu moja. Kuna kipindi waliimwaga karibu yote kwenye nguvu, kuna kipindi wakaipeleka kwenye kubana mafuta, na muda wote kuna kiasi kilichokuwa kinaliwa na uzito, kwa sababu bodi zilikuwa zinakua na vitu vya usalama vinaongezeka. Kwa hiyo ukichagua mwaka wa gari unachagua pia faida ya mwaka huo ilielekezwa wapi.

Mifano yangu mingi ni Toyota Camry na Honda Accord za soko la Marekani. Accord iko sokoni tangu 1976 na Camry tangu mwanzoni mwa miaka ya 80, zimekuja mfululizo bila kukatika mpaka leo, na kule serikali inaweka rekodi za mafuta na nguvu za gari mpya tangu 1975, kwa hiyo unaweza kulinganisha kitu na kitu. Sedani nyingine za kiwango hicho zimepita njia hiyohiyo kwa sehemu kubwa.

Tunapima nini

Nguvu. Tutatumia HP, yaani nguvu za farasi, lakini usiiamini kama Biblia. Kabla ya 1972 Marekani walikuwa wanapima injini ikiwa tupu mezani, haina eksozi kamili wala vifaa vingine vinavyoivuta, ndo maana magari ya kale yana namba za kutisha ambazo barabarani huzioni. Hata miaka ya karibuni imetokea: Camry V6 ya lita 3.0 ilikuwa inaandikwa HP 210, mwaka wa modeli 2006 ikaandikwa 190, na ile ya silinda nne ikashuka kutoka 160 mpaka 154. Injini hazikuguswa, kilichobadilika ni kanuni za upimaji. Kwa hiyo tofauti ya HP kumi kati ya gari mbili za miaka tofauti isikunyime usingizi.

Bei. Hapa naangalia bei mbili: iliyokuwa kwenye karatasi gari ikiwa mpya, na ile bei ukiigeuza kwa thamani ya dola ya 2024. Bila kuigeuza utaishia kusema magari ya zamani yalikuwa ya bure, na hayakuwa ya bure hata kidogo. Bei zote ni za toleo la chini kabisa, bila gharama ya kusafirisha.

Mafuta. Nitataja kilomita kwa lita, mchanganyiko wa mjini na safari. Tahadhari kubwa iko hapa kwa sababu vipimo vya Marekani vilirekebishwa kwa modeli za 2008 vikawa vikali zaidi. Mfano mzuri ni Camry haibridi (yenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja) ya 2007: ilitoka na karatasi inayosema maili 40 kwa galoni mjini na 38 safari, baadaye ikahesabiwa upya ikawa 33 na 34. Gari ileile, betri ileile! Namba zangu za mafuta ni zile zilizohesabiwa upya, ili gari ya zamani na mpya zisimame kwenye mstari mmoja.

Na la nne ni matunzo, maana gari inayobana mafuta huku inakula pesa kwa fundi haijakusaidia kitu.

Tulikotoka, kwa ufupi

Mwaka 1973 mafuta yakapanda ghafla, 1975 Marekani wakapitisha sheria ya kuwalazimisha watengenezaji wapunguze ulaji wa mafuta, 1979 mafuta yakapanda tena. Kufikia modeli za 1985 kiwango cha gari ndogo kilitakiwa kifike wastani wa maili 27.5 kwa galoni kwa vipimo vya maabara. Njia ya haraka ilikuwa kukata: kata uzito, kata injini, geuza gari ivutwe na tairi za mbele. Gari mpya ya wastani, ukijumlisha na pikapu, ilikuwa na HP 137 mwaka 1975, ikashuka mpaka karibu HP 102 mwanzoni mwa miaka ya 80. Accord ya kwanza ilikuwa na HP 68 na uzito wa kama kilo 900. Camry ya kwanza kwenda Marekani ilikuwa na HP 92.

Halafu mafuta yakashuka bei, na hapa ndo kuna somo lenyewe. Kuanzia 1987 hadi 2004 injini ziliendelea kuwa bora kila mwaka lakini ulaji wa mafuta wa wastani ukawa mbaya, kutoka maili 22 kwa galoni ukarudi 19.3. Watu walihamia kwenye magari makubwa, na hata sedani zenyewe zikatumia faida yote kuongeza nguvu na mwili. Baada ya hapo upepo ukageuka tena, na kwa modeli za 2023 wastani ulikuwa umefika maili 27 hivi.

Sasa tuje kwenye machaguo manne.

1. Ya miaka ya 90, silinda nne (kama 1992 hadi 2001)

Nguvu: Camry ya lita 2.2 ilikuwa na HP 125 mpaka 136 kutegemea mwaka, Accord ya 1990 ilianzia 125, na ile ya 1998 yenye VTEC, mfumo wa Honda wa kubadilisha ufunguaji wa valvu, ikafika 150. Kwa karatasi za leo ni ndogo, ila gari yenyewe nyepesi, Camry ya kipindi hicho ni kama kilo 1,350, kwa hiyo mjini inaondoka vizuri tu. Inapochoka ni ukiwa na watu watano na buti limejaa halafu mlima unakuja, hapo gia otomatiki ya hatua nne inahangaika, inashuka gia moja kelele inajaa ndani, na unalisubiri lori lile mpaka barabara iwe nyeupe kabisa ndo ulipite.

Bei: Camry ya 1997 toleo la chini ilianzia chini kidogo ya dola 17,000, gia za klachi na kiyoyozi cha kulipia ziada. Igeuze kwa pesa ya 2024 unapata kama dola 32,000. Soma tena hiyo namba. Watu wengi wanashtuka wakisikia kwamba hiyo "gari ya bei rahisi ya zamani" ilikuwa ghali kuliko ya leo. Bila shaka leo ukiinunua mtumba ndo ya bei ya chini kuliko zote hapa, hilo halina ubishi.

Mafuta: kilomita 9 na kidogo kwa lita kwa ile 2.2 otomatiki. Sifa kwamba gari za zamani zinabana mafuta inatoka kwenye zile nyepesi za miaka ya 80, siyo hizi. Na hiyo ni ikiwa mpya, sasa weka sensa ya oksijeni iliyochoka, plagi za siku nyingi na tairi zisizo na upepo wa kutosha uone.

Matunzo: hapa ndo inapotamba. Injini ya sindano za kawaida, haina turbo (pampu ya kusukumia hewa kwenye injini), kompyuta chache, fundi yeyote mwenye akili anaisoma kwa sikio. Mkanda wa taimingi unabadilishwa kila baada ya kilomita 95,000 hivi na usifanye mchezo nao. Tatizo la kweli ni umri, siyo ubora. Mpira una miaka 25 au zaidi, mabomba ya maji yanapasuka, waya zinakauka, bushi zimeisha, kutu. Hakuna gari iliyotengenezwa vizuri kiasi kwamba mpira wake hauzeeki.

Na usalama nauweka hapahapa maana kwa familia siyo jambo la pembeni: eabegi za mbele zilikuwepo kwenye nyingi, breki za ABS mara nyingi zilikuwa za kulipia ziada, na mfumo wa kuzuia gari isiteleze kwenye kona haukuwa kitu cha kawaida kwenye sedani hizi.

Inamfaa: mwenye bajeti ndogo, safari fupi, kilomita chache kwa mwaka, na fundi anayemwamini. Haimfai anayesafiri mbali kila wikiendi na watoto ndani.

2. Ya enzi za V6 (2002 hadi 2011, na chache zilizofuata)

Nguvu: hapa ndo sherehe ilipokuwa. Nissan walifungua vita na Altima ya 2002 yenye V6 ya lita 3.5 na HP 240, Honda wakajibu na Accord ya 2003 kwa HP 240 vilevile, na Camry ya 2007 ikaja na 268. Sedani ya kupeleka watoto shule ikawa inafika kasi ya maili 60 kwa saa ndani ya sekunde 6 hivi, kitu ambacho miaka kumi na tano kabla yake ungetafuta gari ya michezo. Nimeendesha V6 ya namna hii kwa muda mrefu na nakwambia ukweli wangu, ile hali ya kukanyaga kidogo tu gari ikaenda bila kulia, ukapita lori na kurudi kwenye njia yako mapema, hiyo siyo anasa. Ni utulivu wa moyo.

Usisahau lakini kwamba gari nyingi za enzi hii hazikuwa V6, zilikuwa silinda nne: Camry ya 2.4 na HP 154 hadi 160, Accord ya 2.4 na HP 160 mpaka 190 kutegemea mwaka na toleo.

Bei: Camry ya 2007 ilianzia kama dola 18,300, ambayo kwa thamani ya 2024 ni karibu dola 28,000. Lakini hiyo ni ya silinda nne. V6 ilikuja kwenye matoleo ya juu, unalipa maelfu zaidi. Mtumba mambo yanageuka, maana wanunuzi wanaiogopa V6 kwa ajili ya mafuta, na mara nyingi unaikuta imeshuka bei ikaikaribia kabisa ile ya silinda nne. Mwenye jicho anafaidi hapo.

Mafuta: sasa angalia hii. V6 ya 2007 yenye HP 268 inakwenda kama kilomita 9.4 kwa lita. Ni ileile ya ile Camry ya 2.2 ya miaka ya 90! Nguvu imezidi mara mbili, mafuta yamebaki palepale. Faida yote ya miaka kumi na tano ilikwenda kwenye nguvu, ndo ninachomaanisha. Ile ya silinda nne ya 2.4 inapata 10 na kidogo, siyo tofauti kubwa sana na V6 kama watu wanavyoogopa, ingawa foleni ndefu za mjini zinaiumiza V6 zaidi.

Matunzo: nyingi zimehamia kwenye cheni ya taimingi badala ya mkanda, ila V6 za Honda zimebaki na mkanda, uliza kabla ya kununua. V6 imelala kwa ubavu chini ya boneti, safu ya nyuma ya silinda imebanana na ukuta, kwa hiyo kubadilisha plagi tu fundi anaondoa nusu ya vitu vya juu na anakulipisha muda huo. Kwa upande wa silinda nne ile 2.4 ya Toyota, hasa ya 2007 hadi 2009, inajulikana kwa kula oili kupitia ringi za pistoni. Ukiipata hakikisha unavuta kijiti cha oili mwenyewe, siyo kusikiliza maneno ya muuzaji.

Inamfaa: anayesafiri mbali, milima mingi, gari imejaa, na kilomita za mwaka siyo nyingi sana kiasi cha mafuta kummaliza. Kwa mtu wa foleni asubuhi na jioni mimi ningemwambia aangalie kwingine.

3. Petroli ya kisasa, silinda nne (2012 na kuendelea)

Hapa vita ya HP ikageuka kuwa vita ya kubana. Hyundai walianza mapema, Sonata ya 2011 ilikuja bila V6 kabisa, wengine wakafuata. Accord ikaacha V6 mwaka 2018.

Nguvu: Camry ya lita 2.5 ilikuwa na HP 178 mwaka 2012, na ile ya 2018 ikafika 203. Accord ya 2018 ikaja na injini ya lita 1.5 tu yenye turbo, HP 192. Fikiria hilo kidogo: Accord ya kwanza ilikuwa na injini ya lita 1.6 na HP 68. Turbo ina raha yake kwa sababu nguvu inakuja chini, hulazimiki kuipigisha kelele, ingawa ukiikanyaga muda wote ule ubanaji unapotea wote.

Bei: Camry ya 2012 ilianzia dola 21,955, ya 2018 dola 23,495, Accord ya 2018 dola 23,570. Kwa pesa ya 2024 zote ziko kwenye 29,000 hadi 30,000. Na ndani ya bei hiyo unapata eabegi kila upande, mfumo wa kuzuia kuteleza ambao kwa Marekani ulikuwa lazima kuanzia modeli za 2012, na kwenye Camry ya 2018 hata breki za kujikamata zenyewe zilikuwa za kawaida.

Mafuta: Camry ya 2012 kama kilomita 11.9 kwa lita, ya 2018 kama 13.6 kwa toleo la LE. Siri siyo moja, ni vitu vidogo vingi: gia zimetoka nne zikawa sita kisha nane, au zikawa CVT ile isiyo na hatua, usukani unasaidiwa na mota ya umeme badala ya pampu inayovutwa na injini muda wote, bodi inapasua upepo vizuri zaidi, mafuta yanapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda.

Matunzo: hapa ningesita kidogo. Injini zinazopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda peke yake huwa zinajenga masizi kwenye valvu za kuingiza hewa, kwa sababu petroli haipiti tena pale kuzisafisha. Baadhi wametatua kwa kuweka sindano mbili kila silinda, kama Camry ya 2018, na ile ya 2012 hadi 2017 haina tatizo hilo kabisa maana sindano zake ni za mtindo wa kawaida. Turbo ndogo inataka oili safi kwa wakati, ukichelewesha inakulipisha. Na CVT, ndugu yangu, oili yake ibadilishwe hata kama mtu anakwambia ni ya maisha yote. Rafiki yangu aliambiwa hivyohivyo akaamini, giaboksi ikaanza kuteleza kwenye mlima na familia yote ndani, na bei ya nyingine ilikuwa karibu theluthi ya bei aliyonunulia gari.

Inamfaa: mtu wa katikati, anayetaka gari salama isiyo na mambo mengi, anayetumia gari mjini na safari kwa uwiano, na ambaye hataki kuwaza betri. Kama ni mtumba, Camry ya 2012 hadi 2017 ndo naona ina uwiano mzuri kwenye kundi hili, haina turbo, haina CVT, haina masizi. Lakini hayo ni macho yangu.

4. Haibridi (2007 mpaka leo)

Nguvu: zile za kwanza zilikuwa HP 187 kwa injini na mota pamoja, 2012 ikawa 200, 2018 ikawa 208 na Camry ya 2025 imefika 225, au 232 ikiwa inasukumwa na tairi zote nne. Na kuanzia 2025 Camry ya Marekani haipo tena ya petroli tupu, ni haibridi zote. Ukitoka kwenye taa za barabarani mota ya umeme inasukuma papo hapo, unahisi gari ina nguvu kuliko namba. Kwenye mlima mrefu wa kasi ndo unaigundua, injini inanguruma kwa sauti moja bila kubadilika, wengine inawakera.

Bei: hili ndo jambo lililonishangaza kuliko yote nilipokaa kupiga hesabu. Haibridi ya 2012 ilianzia dola 25,900, kwa thamani ya 2024 ni zaidi ya 35,000. Ya 2018 ilianzia 27,800, yaani kama 34,700. Ya 2025 ilianza kwa 28,400. Kwa hiyo ile pesa ambayo mwaka 2012 ilikuwa haitoshi hata sedani ya petroli ya chini kabisa, mwaka 2025 ilikununulia haibridi yenye nguvu zaidi. Watu wanalia magari yamepanda bei, na ni kweli wastani umepanda, ila sehemu kubwa ni kwa sababu wanunuzi wamehamia magari makubwa. Sedani yenyewe karibu haijasogea.

Mafuta: ya 2007 kama kilomita 14.4 kwa lita, ya 2012 kama 17.4, ya 2018 kama 22, ya 2025 inakaribiana na hapo. Lakini soma toleo vizuri! Haibridi ya 2018 ya LE ndo inapata hiyo 22, matoleo ya SE na XLE yanashuka mpaka kama 19.6, rimu kubwa zaidi, uzito zaidi, na betri ya aina nyingine. Na faida yake kubwa iko kwenye foleni, pale gari ya kawaida inapoteza mafuta ikiwa imesimama na kila unapokanyaga breki, yenyewe inazima injini na kurudisha sehemu ya nguvu ya breki kwenye betri. Kama maisha yako ni barabara kuu mwendo mmoja, pengo linapungua.

Matunzo: watu wanaogopa haibridi kwa sababu zisizo sahihi. Giaboksi ya haibridi ya Toyota haina mkanda wala klachi za kuungua, ni gia za sayari na mota mbili, ni ngumu kuliko CVT ya kawaida. Pedi za breki zinadumu. Kinachotakiwa kuogopwa ni betri ya gari ya mtumba ambayo hujui ilikotoka. Betri inapozwa na feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari, karibu na kiti cha nyuma, na feni hiyo ikijaa vumbi na manyoya betri inachemka na kufa mapema. Nimeshuhudia gari nzuri kwa nje, rangi inang'aa, kilomita chache, muuzaji anaapa, na feni ilikuwa haijasafishwa pengine tangu gari itoke kiwandani. Usinunue bila kupima betri kwa mashine, seli kwa seli.

Inamfaa: mtu wa foleni, mwenye kilomita nyingi kwa mwaka, anayekaa na gari muda mrefu, na ambaye ana fundi anayejua haibridi, siyo anayesema anajua.

Ziweke kwenye lita

Kilomita kwa lita zinadanganya macho, bora ugeuze kuwa lita kwa mwaka. Chukua kilomita 15,000 kwa mwaka. Ya miaka ya 90 na V6 ya 2007 zote zinakunywa kama lita 1,600. Silinda nne ya 2007 kama 1,400. Ya 2012 kama 1,260. Petroli ya 2018 kama 1,100. Haibridi ya 2018 kama 680.

Ona pengo linavyokuwa. Kutoka kilomita 9 kwenda 12 kwa lita unaokoa zaidi ya lita 400 kwa mwaka, kutoka 18 kwenda 22 unaokoa kama 150 tu. Kwa hiyo mwenye gari inayokunywa sana hahitaji kuruka mpaka haibridi mpya ili aone nafuu, hatua moja tu ya katikati inampa sehemu kubwa. Zidisha lita hizo kwa bei ya mafuta unayolipa wewe, kisha linganisha na tofauti ya bei ya kununua, utajua ndani ya miaka mingapi pesa inarudi. Kama unaendesha kilomita 5,000 tu kwa mwaka gawanya zote kwa tatu, na hapo haibridi ya bei kubwa inaanza kukosa hoja.

Kwa hali yako

Kama pesa ya kununua ndo kikwazo na gari inakaa nyumbani siku nyingi, ya miaka ya 90 inatosha, lakini tenga akiba ya mipira, mabomba na bushi tangu siku ya kwanza, usinunue kwa senti ya mwisho uliyonayo.

Kama kila mwezi una safari ndefu ya milima na gari imejaa, V6 bado ina sababu ya kuwepo. Petroli ya kisasa yenye turbo nayo inakaribia hapo, iendeshe kwanza ikiwa na mzigo, siyo wewe na muuzaji tu.

Kama una watoto wadogo na bajeti ya katikati, mimi ningeanza na zile za 2012 na kuendelea kwa ajili ya usalama kabla hata sijaangalia HP.

Kama asubuhi na jioni uko kwenye foleni na mwaka unamaliza kilomita 20,000 au zaidi, piga hesabu ya haibridi kwa umakini. Ukiweza kupata yenye dhamana ya betri bado haijaisha chukua hiyo, Toyota kwa Marekani walikuwa wanatoa miaka 8 na kuanzia modeli za 2020 wakaongeza ikawa 10.

Kama uko mbali na fundi wa haibridi, yaani wa karibu ni safari ya siku nzima, basi silinda nne ya kawaida isiyo na turbo, hata kama karatasi inasema inakunywa zaidi.

Na kama bado umekwama kati ya mbili, nenda kaziwashe zote asubuhi injini ikiwa ya baridi kabisa, kabla muuzaji hajazipasha, sikiliza dakika mbili za kwanza, angalia moshi, kisha weka familia yote ndani na uziendeshe njia unayopita kila siku.